Yule wa Katikati

Jumatano asubuhi, katika ofisi ya upelelezi ya Homa Bay, Nyanchama alijiona marehemu kwa mara ya pili. Safari hii hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono ameibana kati ya magoti, akaikodolea macho televisheni ndogo iliyoazimwa kutoka nyumbani kwa mkuu wa kituo. Mshumaa ukawaka. Mawingu yakasogea polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati ya mawingu ukatokea uso wake mwenyewe, umezungushiwa maua, ukitabasamu, na chini yake jina likapanda herufi moja moja: Roselyn Awuor, amepumzika.

Inspekta Jedidah Mayaka akaisimamisha kanda hapo hapo. Uso ukabaki kwenye kioo, unatetemeka.

"Zima, Madam," Nyanchama akasema. "Tafadhali."

Jedidah akazima. Alikuwa na miaka mingi kazini, na watu wengi walikuwa wamekaa kwenye kiti kile wakitetemeka, wengi wao kwa sababu walikuwa na la kuficha. Huyu hakuwa na la kuficha. Alikuwa na woga mtupu, wa mtu asiyejua atapigwa kutoka upande gani.

Kesi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Roselyn na Nyanchama walifanya biashara ya omena, dagaa wa ziwani, pamoja pale Sindo, mmoja Mluo wa hapo hapo ziwani, mwingine Mkisii aliyekuja kutafuta riziki. Wiki kadhaa nyuma Roselyn alivuka kwenda kisiwa cha Remba kununua mzigo na hakurudi. Wavuvi walimtoa majini, na kila mtu akasema amezama, mpaka daktari alipoona kwamba fuvu lilikuwa limepasuka kabla maji hayajaingia mapafuni. Pale Remba walimwona mara ya mwisho akipanda mashua jioni. Mashua ya nani, hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kusema.

Wakamzika. Mazishi yakapigwa video, kama mazishi yote ya watu wenye uwezo kidogo siku hizi. Jumapili jamaa wakakusanyika uani kwa mama Roselyn kuitazama, televisheni imeungwa kwenye betri ya gari, Nyanchama akiwa mbele pamoja na wafiwa. Uso wake ulipotokea juu ya jina la Roselyn, wanawake waliokaa naye mkekani wakainuka wakamwacha peke yake. Mama mmoja akasema waziwazi kwamba marehemu anamwita mwenzake. Jioni ile ile Nyanchama akakimbilia Homa Bay kwa dada mmoja wa kanisa, na usiku wote akalala kitanda kimesukumwa kuziba mlango.

"Mimi siogopi marehemu," alimwambia Jedidah. "Sisi Wasabato hatuamini mambo hayo. Naogopa mtu. Huyo aliyemuua Roselyn ndiye ameniweka kwa hiyo video. Ananiambia mimi ndio nafuata."

Mtu aliyemleta kituoni alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi. Huyu alikuwa Mokaya, shemasi wa kanisa lao, mnunuzi wa omena mwenye pikapu nyeupe na nyumba Migori. Jedidah alikwisha kuandikisha maelezo yake siku za mwanzo za kesi, kama alivyowaandikisha wanunuzi wote. Alimjua marehemu kwenye mizani tu, alisema. Mashua hakuwa nayo. Remba hajawahi kukanyaga, maana maji humtapisha. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na adabu nyingi, na hakungoja aulizwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyebeba picha ya marehemu kwenda studio ya Migori siku ya Ijumaa, kwa sababu mama Roselyn alimwomba, na yeye ndiye aliyerudi na kanda Jumapili. Laiti angejua kilichokuwa ndani, angeitupa njiani.

Kisha akasogea karibu na meza na kusema, kama mtu anayelazimishwa na dhamiri, kwamba kijana mwenye studio, Onyancha, aliwahi kutaka kumwoa Nyanchama akakataliwa. Moyo wa mtu aliyekataliwa haujulikani. Nyanchama akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli, akasema, lakini ni zamani.

Hilo lilikuwa na uzito. Mwenye mashine ndiye anayechagua uso utakaotokea, na mwenye kinyongo anaweza kuchagua kwa makusudi. Jedidah akamwita Konstebo Gisiri awashe Land Rover.

Nje shemasi alikuwa amekwisha kumfungulia Nyanchama mlango wa pikapu yake. Njia ni moja, akasema, naye anarudi Migori, kisha jioni atamfikisha Sindo kwa ajili ya maombi. Nyanchama akaanza kupanda. Jedidah akamshika mkono akamwambia shahidi husafiri na polisi, ndivyo utaratibu ulivyo. Mokaya akatabasamu, akafunga mlango taratibu, akawafuata nyuma.

Njia nzima Nyanchama aligeuka kutazama kioo cha nyuma. Kila alipoiona pikapu nyeupe alitulia kidogo. Gisiri, Mkuria asiyenyamaza, alimtania kwamba mtu akishaonyeshwa amekufa kwenye televisheni hujiongezea maisha. Hakuna aliyecheka.

Studio ya Onyancha ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga, na kila kitu ndani yake kilikuwa na vumbi jeupe la unga, hata pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambalo watu husimama mbele yake wapigwe picha. Ukutani palikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono: Lete picha moja. Marehemu awe katikati. Jedidah akaisoma, akaendelea na yake. Alimwambia Mokaya asubiri nje kwenye gari lake na Nyanchama akae na Gisiri kwenye benchi la mapokezi. Akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

Onyancha alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote, na alianza kutokwa jasho kabla ya swali la kwanza. Jedidah alimuuliza nani alitengeneza mwanzo wa kanda ya Roselyn. Mimi, akasema. Lini? Jumapili asubuhi na mapema. Kwa mkono wake? Kwa mkono wake. Aliuona uso? Akasema aliuona, ila hakutilia maanani.

"Uso wa mwanamke uliyetaka kumwoa," Jedidah akasema. "Unauzungushia maua ya mazishi, na hutilii maanani."

Jedidah akaigeukia kompyuta iliyokuwa mezani, kubwa, ya mtumba, ikinguruma kwa feni yake. Hakuwa mtaalamu wa vitu hivyo, lakini makao makuu waliwahi kuwapeleka semina, na jambo moja alilolishika ni kwamba kompyuta huandika yenyewe saa ambayo kila kazi ilimalizika. Akamwamuru aonyeshe. Onyancha akabonyeza. Jina la Roselyn lilikuwa hapo, na kando yake: Jumamosi, saa sita mchana.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Kutoka asubuhi. Kanisa lote liliniona, Madam, nilifundisha shule ya Sabato."

"Basi nani alikaa hapa akafanya hii kazi?"

Hapo Onyancha alifunika uso kwa viganja. Jedidah alidhani sasa atalitaja jina la mtu, na akaiweka kalamu tayari. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine kabisa.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni yenyewe. Tafadhali usiambie mzee wa kanisa."

Ilimchukua muda kueleza, kwa sababu aliogopa kamati ya kanisa kuliko alivyoogopa polisi. Zamani kila marehemu alimfanya kwa mkono: kufungua picha, kukata uso, kuzungushia maua, kuuchezesha mwali wa mshumaa kidogo kidogo, kupandisha jina herufi kwa herufi. Mtu mmoja humla siku nzima. Halafu vifo vikazidi, wiki moja mazishi manne, wiki nyingine saba, vijana watupu, na mazishi huwa mwisho wa wiki, na watu wanataka kanda yao upesi. Yeye Jumamosi hafanyi kazi. Basi akaketi akaifundisha kompyuta. Alikuta programu ile ya michoro inayotembea ina nafasi ya kuandikia makro, yaani maagizo unayoyaandika mara moja ili mashine iyarudie kila utakapotaka. Ijumaa kabla jua halijazama huweka picha zote za wiki, huandika majina, huamuru, huzima taa, huenda nyumbani kujitayarisha kwa Sabato. Mashine ni nzito, humaliza Jumamosi mchana. Jua likizama Jumamosi yeye hurudi akazihamishia kwenye kanda.

"Na nyuso huziangalii."

"Zamani niliangalia." Alisema hivyo akitazama chini. "Nilikuwa siwezi kulala. Siku hizi inafanya yenyewe, na mimi siangalii."

Jedidah aliiamini hiyo kuliko yote aliyoyasikia tangu asubuhi. Lakini kuamini si ushahidi. Akamwambia ailete picha yenyewe, ile iliyoletwa na familia.

Onyancha akafungua kabati. Wateja huchukua picha zao pamoja na kanda, akaeleza, ila Jumapili ufunguo ulikuwa kwa mke wake sokoni. Shemasi Mokaya alikasirika sana. Aliiulizia picha kuliko alivyoiulizia kanda, na jana, majirani wa kinu walisema, alirudi tena kuiulizia akakuta studio imefungwa. Jedidah akaandika hilo bila kuinua kichwa.

Picha ilikuwa ya rangi, ya kusafishwa dukani. Wanawake watatu wamesimama ufukweni kwenye mchanga, mabati ya vibanda yakionekana nyuma yao. Kushoto msichana ambaye Jedidah hakumjua. Katikati Nyanchama. Kulia, bega lake likikaribia ukingo, Roselyn, anacheka kwa mdomo wazi.

"Iweke ndani," Jedidah akasema. "Fanya vile ulivyofanya Ijumaa, usiguse kitu kingine."

Onyancha akailaza chini ya kifuniko cha skana, mwanga ukapita. Akabonyeza mara moja na kuondoa mikono mezani. Picha ikajifungua kwenye kioo. Duara likashuka moja kwa moja katikati, likamkata Nyanchama kichwa na mabega, na hao wawili wa pembeni wakatoweka. Mshumaa ukaanza kujichora, polepole. Hakuna mkono uliogusa kitu.

Akajaribu tena kwa picha nyingine, maana mara moja haithibitishi kitu. Akachukua ukutani picha ya timu ya mpira ya Migori. Duara likashuka katikati na kumzungushia maua golikipa. Akaigeuza timu kichwa chini. Golikipa tena, miguu juu. Mashine haikumjua Nyanchama, haikumchukia wala kumpenda. Ilikata katikati, basi.

"Kwa hiyo ni makosa tu," Onyancha akasema. "Mama alituma picha ambayo marehemu hayuko katikati. Hata nilimuuliza shemasi. Alifika jua linazama, mimi nafunga, yeye pia ana haraka ya Sabato. Nikapokea bahasha dirishani, nikamuuliza, yuko katikati? Akasema ndiyo, mama amesema ni yule wa katikati."

Mtu mwingine angefunga faili hapo na kwenda kumpa Nyanchama habari njema. Jedidah alikuwa amekwisha kusimama. Ile kadi ya ukutani ndiyo iliyomrudisha kwenye kiti. Onyancha alikuwa ametengeneza mazishi ya Sindo mangapi? Mengi, akasema, wote wanajua sharti lake. Basi mama Roselyn naye alilijua. Mama anayemzika binti yake hawezi kukosea binti yake yuko wapi kwenye picha. Alisema yule wa katikati, na aliposema alikuwa na picha mkononi.

Akaichukua tena, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Juu palikuwa na ukanda mweupe mwembamba, kama picha zote za dukani. Chini ukanda mweupe. Kushoto ukanda mweupe. Kulia hapakuwa na kitu, rangi ya mchanga ilifika mpaka mwisho na ukingo ulikwenda upande kidogo, kazi ya mkasi wa haraka.

"Una karatasi nyeupe?"

Onyancha akampa. Jedidah akailaza karatasi kando ya picha, upande ule wa kulia, akaiacha itokeze kidogo, akamwambia aziingize kwenye mashine kama picha moja. Duara likashuka kati ya Nyanchama na Roselyn. Akaivuta karatasi zaidi. Duara likagusa sikio la Roselyn. Akaivuta tena, na sasa duara likamwangukia Roselyn usoni sawasawa, akicheka ndani ya maua, kama mama yake alivyokusudia.

Wakaitazama ile sehemu nyeupe iliyobaki upande wa kulia. Ilitosha mtu mzima asimame, na kando yake kitu kingine kikubwa.

Onyancha akauliza ni nani. Jedidah akamwambia anyamaze. Sasa yeye mwenyewe aliogopa, na hakujidanganya kuhusu hilo. Picha ilitoka kwa mama ikiwa nzima na ikafika hapa imekatwa, na kati ya mama na dirisha hili ilipita kwenye mikono ya mtu mmoja tu. Huyo mtu alikuwa hatua chache kutoka hapo, nyuma ya ukuta wa mabati, na alikuwa amejitolea kumrudisha Nyanchama nyumbani. Bado Jedidah alihitaji kulisikia jina kwa aliyekuwepo picha ilipopigwa, bila kuliweka yeye mdomoni mwake.

Akafungua mlango kidogo. Kupitia mlango wa mbele aliiona pikapu na shemasi akifuta kioo cha mbele kwa kitambaa, bila haraka. Akamwita Nyanchama kwa sauti ya kawaida, na alipopita akamnong'oneza Gisiri maneno machache sikioni. Gisiri akainuka akajinyoosha kama mtu aliyechoka kukaa, akatoka nje kupiga gumzo.

Nyanchama alipoiona picha aliikumbuka mara moja. Ni ya wakati wa makambi ya kanisa ya mwaka jana, akasema. Waimbaji wachache walivuka kwenda Remba kuwaimbia watu wa kule. Huyu wa kushoto ni Beverlyne, ameolewa huko Ogwedhi siku hizi. Uso wake ulikuwa umepata uhai kidogo kwa kukumbuka.

"Upande wa pili wa Roselyn alisimama nani?"

Aliuliza bila mkazo, kama anayeuliza saa. Nyanchama akajibu vivyo hivyo.

"Si ni Kaka Mokaya? Si huyo hapo nje. Alisimama karibu na mashua yake. Ndiyo ilituvusha, hiyo ya kijani." Akaigeuza picha mkononi. "Mbona hayuko?"

Jedidah akaichukua picha mkononi mwake. Akamuuliza shemasi alizoeana na Roselyn kiasi gani. Nyanchama akasita, maana ni aibu ya kanisa, kisha akasema kwamba Roselyn alimwambia ana siri na mtu mwenye mke, na kwamba atakwenda kuisema mbele ya kanisa maana tumbo halifichiki. Hakumtaja mtu. Nyanchama naye hakumuuliza, aliona si heshima.

Daktari alikuwa amesema habari ya mimba, na Jedidah alikuwa ameifungia kwenye faili bila kumwambia yeyote. Akamtazama Nyanchama. Aliona wakati ule ule jambo lilipomfikia, kwa sababu midomo yake ilipauka na akaanza kutafuta ukuta kwa mkono.

"Usitoke nje," Jedidah akamwambia. "Kaa hapa na Onyancha. Fungeni mlango."

Nje jua lilikuwa kali. Mokaya aliacha kufuta kioo, akauliza kwa upole kama wamemkamata yule kijana. Jedidah akamjibu hapana, kijana hana kosa, ni mashine. Shemasi akashusha mabega. Kumbe ni mashine, akasema, na akacheka kidogo, akamshukuru Mungu, akauliza kama sasa anaweza kumchukua dada yao maana Sindo ni mbali.

"Inakata katikati," Jedidah akamwelezea. "Picha yoyote ukiipa, inachukua yule wa katikati na kutupa wengine wote. Hukujua?"

"Mimi na kompyuta wapi na wapi, Madam."

"Ulidhani wataonyesha picha nzima."

Mokaya akakikunja kitambaa mara mbili.

"Ungeileta vile mama alivyokupa, shemasi, ingemkata Roselyn peke yake. Wewe na mashua yako mngebaki nje. Hakuna mtu angewaona. Ilikuwa ikufiche bure, wewe ukachukua mkasi."

Mokaya alisimama na kitambaa mkononi. Midomo yake ilisogea bila sauti, na Jedidah alijua anaipanga picha kichwani, mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto. Alipofika mwisho macho yake yalikwenda kwenye usukani, mahali pa ufunguo. Gisiri alikuwa ameegemea mlango wa upande ule, na ufunguo aliuzungusha kwenye kidole. Shemasi akatoa mikono mwenyewe mbele, akafungwa pingu, na hata wakati huo alisema samahani kwa kumsumbua konstebo.

Wakalipekua gari, kama utaratibu unavyotaka. Mbele palikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na mkasi wa kushonea. Nyuma pikapu ilikuwa imefunikwa turubai lililofungwa kamba pande zote. Gisiri akasema ni omena tu, harufu yenyewe inasema. Jedidah akamwambia afungue.

Kulikuwa na gunia moja la omena, limewekwa juu. Chini yake palikuwa na godoro lililokunjwa, sufuria mbili, jiko la mafuta, beseni la plastiki lililojaa vyombo, mablanketi, pazia la maua, na viatu vya mwanamke vimefungwa pamoja kwa uzi.

Nyanchama hakukaa ndani alikoambiwa. Alikuwa amesimama mlangoni pa studio, Onyancha nyuma yake. Akaja mpaka kwenye pikapu, akalishika lile pazia, akalikunjua mkono mmoja, akalikunja tena.

"Ni yangu," akasema. "Nilimpa ufunguo Jumatatu aniletee nguo ya kanisa. Nguo tu."

Jedidah akamgeukia Mokaya, akamuuliza nyumba ya Nyanchama imebaki na nini.

"Haina kitu," shemasi akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nilifagia. Niliwaambia majirani ameamua kurudi kwao Kisii, wasimsubiri."

"Na kwetu?" Nyanchama akamuuliza. "Kwetu uliwaambia naenda?"

"Hapana," shemasi akasema.

Kwao walijua yuko Sindo. Sindo walijua yuko kwao. Hakuna upande ambao ungetuma mtu kumtafuta. Nyanchama akakaa chini kwenye vumbi la unga kando ya gurudumu, akajifunika uso kwa pazia lake. Jedidah akakaa naye pale chini, sare na yote, mpaka alipoweza kusimama.